Uasi au Njia ya Amani? Vita vya Maji Maji na Harakati za Uhuru wa Tanganyika kama Majibu Mawili kwa Dhuluma Moja

1.0 Utangulizi

Swali la iwapo dhuluma huondolewa vyema zaidi kwa silaha au kwa njia ya amani limezoeleka sana katika madarasa yetu ya fasihi, hususan pale tamthilia ya Kinjeketile inapofundishwa. Kwa kawaida wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushikilia kwamba mdhalimu haelewi lugha nyingine isipokuwa ya nguvu, na hujikinga kwa methali isemayo kuwa dawa ya moto ni moto. Kundi la pili hutaja maelfu waliokufa katika Vita vya Maji Maji, kisha huuonyesha uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, uliopatikana bila vita, na kuhitimisha kwamba subira huvuta heri. Mjadala huishia hapo, kila upande ukiwa na methali yake na mfano wake.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinajibu swali ambalo halijaulizwa kikamilifu. Kabla ya kuuliza ni njia gani iliyo bora, inatupasa kwanza tuulize ni njia zipi zilizokuwa wazi. Hoja yetu ya msingi ni kwamba mafanikio ya mapambano ya amani hutegemea kwa kiasi kikubwa kuwapo kwa mahali ambapo sauti ya mnyonge inaweza kufika na kumlazimisha mtawala ajibu. Pale ambapo mahali hapo hapapo, kumhimiza mnyonge atumie njia ya amani ni kumwelekeza kwenye mlango uliopigiliwa misumari. Hata hivyo, hoja hii haiufanyi uasi kuwa jambo jepesi, kwa maana uasi nao una gharama zake, na gharama hizo hulipwa kwanza na wale wale uliokusudiwa kuwakomboa.

Ili kuifafanua hoja hiyo tutaitumia Tanganyika. Nchi hii inafaa kwa sababu katika muda wa miaka 56, yaani tangu 1905 hadi 1961, ilishuhudia njia zote mbili. Aidha, waliojiunga na harakati za amani katika miaka ya hamsini walikuwa, katika sehemu nyingi za kusini na mashariki mwa nchi, watoto na wajukuu wa wale waliokunywa maji ya Ngarambe.

2.0 Maneno na Mizigo Yake

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema tuyachunguze maneno yenyewe, kwani lugha huwa imekwisha kutoa hukumu kabla mwanahistoria hajafungua kinywa. Neno uasi linatokana na kitenzi asi, chenye asili ya Kiarabu na chenye maana ya kukataa kutii. Umbo la wingi, maasi, hutumika pia katika mahubiri kwa maana ya dhambi. Kwa hiyo neno hili linabeba ndani yake dhana kwamba yupo mwenye haki ya kutiiwa, na kwamba anayemkataa amekosa. Mtu anayemkataa mnyang'anyi haitwi mwasi. Ndiyo maana, katika mazingira ya ukoloni, uasi ni neno la mtawala. Matukio ya 1905 yaliitwa maasi na Wajerumani, ilhali katika Kiswahili yamedumu kwa jina la Vita vya Maji Maji, na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi unaoyasimulia unajulikana kwa jina hilo hilo la vita. Vita ni neno linalotambua kuwapo kwa pande mbili. Uasi ni neno linalotambua upande mmoja tu kuwa halali. Katika makala hii tutaendelea kulitumia neno uasi kwa sababu limezoeleka, lakini bila ya hukumu iliyomo ndani yake.

Kwa upande mwingine, msamiati wa upinzani wa amani una sura tofauti. Kitenzi goma, kilichozaa mgomo, hutumika hata kwa punda aliyesimama njiani akakataa kuendelea. Punda huyo hamshambulii bwana wake. Anachofanya ni kumnyima ile nguvu ambayo bwana anaitegemea. Vivyo hivyo, maandamano hutokana na andamana, yaani kufuatana, na kiambishi cha utendeano kilichomo kinatukumbusha kwamba tendo hilo haliwezi kufanywa na mtu mmoja. Tunaona basi kwamba mgomo na maandamano si unyenyekevu. Yote mawili ni matumizi ya nguvu, ila ni nguvu ya kujizuia na ya wingi wa watu. Ni kosa, kwa hiyo, kulinganisha uasi na upinzani wa amani kana kwamba huo wa kwanza ni tendo na huo wa pili ni kusubiri.

3.0 Vita vya Maji Maji: Pale Ambapo Hapakuwa na Mlango

Chanzo cha Vita vya Maji Maji kilikuwa mkusanyiko wa madhila. Kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya nyumba. Baadaye, chini ya gavana von Götzen, ilianzishwa mipango ya mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya kusini na pwani, ambapo watu walilazimishwa kulima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Kazi hiyo ilifanywa wakati ambapo mkulima alihitajika katika shamba lake mwenyewe, na malipo yake yalikuwa haba mno au hayakuwapo kabisa. Viboko vilikuwa sehemu ya kawaida ya usimamizi.

Swali linalotuhusu hapa ni hili: mkulima wa Umatumbi aliyechapwa viboko katika shamba la pamba angeweza kulipeleka wapi shauri lake? Jumbe alikuwa ndiye msimamizi. Akida alikuwa bwana wa jumbe. Ofisa wa wilaya alikuwa mkubwa wa akida, na mara nyingi ndiye aliyeamuru shamba lilimwe. Hapakuwa na baraza lenye mwakilishi wa wakulima, wala chombo cha nje chenye mamlaka ya kumhoji gavana kwa niaba yao. Kila ngazi aliyoipanda mlalamikaji ilimfikisha kwa mtu mwenye masilahi katika dhuluma ile ile.

Katika hali hiyo ndipo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipojitokeza mwaka 1904 na kuanza kugawa maji ambayo, pamoja na mambo mengine, yaliaminika kuwa yangewakinga watu na risasi za Wajerumani. Wajumbe walioitwa mahongo waliyapeleka maji hayo mbali, na yakawaunganisha watu wa makabila ambayo hapo awali hayakuwa na uongozi mmoja: Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo.

Yafaa kukumbuka jinsi vita vilivyoanza. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Tendo la kwanza halikuelekezwa kwa mtu bali kwa zao. Kwa mizani ya maneno tuliyoyaeleza hapo juu, lilikuwa karibu zaidi na mgomo kuliko vita. Lakini katika utawala usioruhusu mgomo, kung'oa mche wa pamba kulitosha kuwa tangazo la vita, na waliong'oa walilijua hilo. Muda mfupi baadaye akida wa Kibata alishambuliwa. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini vita vilikwisha kushika kasi na havikuhitaji tena mwanzilishi wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kufyekwa kwa bunduki za rasharasha. Baada ya kuona kwamba maji hayakuzuia risasi, wapiganaji wengi waligeukia vita vya kuvizia. Nao Wajerumani wakajibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, wakiifanya njaa kuwa silaha. Wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea mwanzoni mwa 1906. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1907, upande wa Wajerumani ulikuwa umepoteza Wazungu 15 na askari na wasaidizi Waafrika wapatao 389. Kwa upande wa wananchi, Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000, na mwanahistoria Gwassa alikadiria baina ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa na maradhi. Wengi katika hao walikuwa wanawake, watoto na wazee ambao hawakushika mkuki.

Je, tuseme basi kwamba uasi haukuleta chochote? La hasha. Gavana von Rechenberg, aliyemrithi von Götzen mwaka 1906, aliiacha mipango ya pamba ya kulazimishana na kuegemea zaidi katika kilimo cha hiari cha wakulima wadogo. Hofu ya vita vingine iliwafanya watawala wapime uzito wa madai yao. Hata hivyo, uaminifu wa kitaaluma unatutaka tuyaweke mafanikio hayo katika mizani moja na makaburi. Sehemu kubwa za Ungindo zilirudi kuwa msitu na makao ya wanyama pori. Wakulima waliosalia walipata gavana mwenye busara zaidi, lakini hawakupata uhuru.

4.0 Tamthilia ya Kinjeketile na Suala la Kushindwa

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile. Ni muhimu kuzingatia kwamba mhusika huyu si nakala ya Kinjikitile wa Ngarambe. Hussein aliandika baada ya uhuru, kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona taifa likizaliwa. Kwa sababu hiyo tamthilia yenyewe ni fikra juu ya swali letu, wala si ushahidi wa kihistoria.

Jambo linalovutia ni kwamba Hussein hakumfanya Kinjeketile kuwa mhubiri wa vita. Mhusika huyu anatambua kwamba watu wameungana kwa sababu ya maji, na anataka umoja huo ukomazwe kabla ya silaha kushikwa. Wenzake wanaona wamengoja vya kutosha. Neno alilolitoa linakua na kumshinda nguvu mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu angali anaamini kwamba maji yanazuia risasi, bali kwa sababu anaelewa jinsi ungamo lake litakavyotumika: vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupinga dhuluma kwenyewe kulikuwa kosa.

Hapa Hussein ametenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya. Kosa katika njia si kosa katika dai. Maji hayakuzuia risasi, na hilo ni kosa la njia. Lakini dai la kwamba mtu asichapwe viboko katika shamba la mwingine lilikuwa sahihi mwaka 1905 na lingali sahihi. Mtawala hupenda kuunganisha mambo haya mawili, ili kushindwa kwa silaha kuonekane kuwa kushindwa kwa haki. Wakati huo huo tamthilia haimwachilii huru kiongozi wa uasi. Inamtaka abebe mzigo wa wale waliomwamini wakafa. Msomaji anayetoka katika tamthilia hii akiwa na jibu jepesi, liwe la kutukuza vita au la kuvilaani, hajaisoma hadi mwisho.

5.0 Harakati za Amani: Pale Ambapo Mlango Ulikuwa Umefunguliwa Nusu

Hali ya Tanganyika ya miaka ya hamsini ilitofautiana sana na ile ya 1905. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi iliwekwa chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Kisheria, Uingereza ilipaswa kutoa taarifa ya utawala wake, kupokea ujumbe wa ukaguzi, na kuwaacha wananchi wapeleke malalamiko yao. Kwa mara ya kwanza, juu ya gavana palikuwa na sikio jingine.

Sikio hilo halikuwa na maana ya haki ya papo hapo. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili walowezi wapewe. Hawakushika silaha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati huo. Mtu aliyepima tendo lile kwa matokeo ya mwaka ule angesema limeshindwa, kama vile mtu aliyepima Maji Maji kwa matokeo ya 1907. Lakini shauri la Wameru liliionyesha nchi nzima kwamba mlango upo, na kwamba mkulima anaweza kuugonga.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliutumia mlango huo kwa mpango. Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini, na mwaka 1956 akarudi New York. Katika hotuba ya mwaka huo alivitaja Vita vya Maji Maji kwa namna inayostahili kuzingatiwa. Alieleza kwamba watu walipigana kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala, na papo hapo akaeleza kwamba vita vile viliwafundisha kwamba haikuwezekana kumng'oa mtawala kwa nguvu. Kwa maneno mengine, aliitetea haki ya dai bila kuirudia njia. Mhusika wa Hussein, miaka kumi na mitatu baadaye, alikuja kusimama mahali hapo hapo.

Ndani ya nchi, kazi ilikuwa ya kujenga umoja. Tofauti na umoja wa maji, ulioenea upesi na kupoteza nguvu pale ahadi yake ilipovunjika, umoja wa TANU ulijengwa kwa kadi, tawi, mkutano na ada. Bibi Titi Mohamed na wanawake wenzake, wengi wao kutoka katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, waliingiza wanachama kwa wingi. Lugha ya Kiswahili iliwezesha hotuba moja kueleweka kutoka mwambao hadi Ziwa Viktoria. Umoja wa namna hii hukua polepole, lakini una faida moja: unaweza kushindwa leo na bado ukawapo kesho.

Aidha, si kweli kwamba njia ya amani ilikuwa laini. Matawi ya TANU yalizuiwa katika baadhi ya wilaya. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa kashfa dhidi ya maofisa wa serikali na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huo huo wakulima wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya lililochanganya rangi kinyume cha matakwa yao, nao wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Na pale Tabora, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulikaribia kugawanyika juu ya kura tatu, yaani utaratibu uliomlazimisha mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona kushiriki ni kukubali dharau, na walitaka mgomo wa nchi nzima. Nyerere aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. Matokeo ya uchaguzi wa 1958 na 1959 yalithibitisha uamuzi wa Tabora, kwa sababu wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda, wakiwamo Waasia na Wazungu.

Ni lazima pia kukiri kwamba amani hii ilikuwa na kivuli. Gavana Turnbull, aliyewasili mwaka 1958, alitoka Kenya, ambako alikuwa Katibu Mkuu wa serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Alijua gharama ya kuwafungia watu njia. Oktoba 1958 alitangaza kwamba Waafrika wangekuwa wengi katika serikali ya baadaye. Uchaguzi wa 1960 uliipatia TANU viti 70 kati ya 71, na uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Hatuwezi kupima kwa uhakika ni kiasi gani cha ulegevu wa Waingereza kilitokana na hoja za TANU, na kiasi gani kilitokana na moto waliouona ng'ambo ya mpaka. Lakini anayesema kwamba amani ya Tanganyika haikudaiwa chochote na misitu ya Nyandarua anaisoma historia kwa jicho moja.

Baina ya hotuba na silaha palikuwa na njia ya tatu, nayo ni mgomo. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea katika njia ya reli hadi bara. Visiwani Zanzibar, mgomo wa 1948 umehifadhiwa katika riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979. Kupitia mhusika Rashidi, anayefunguliwa macho na Faraji, riwaya inaonyesha mchakato ambao takwimu haziwezi kuuonyesha: jinsi hasira ya mtu mmoja inavyogeuka kuwa nidhamu ya wengi. Manung'uniko ya kuli mmoja hayaichelewishi meli hata saa moja; makuli wote wakikunja mikono, bandari inalala.

6.0 Ng'ambo ya Ruvuma: Mlango Ulipofungwa

Msomaji anaweza kusema kwamba mfano wa Tanganyika umethibitisha ubora wa njia ya amani: vita vilishindwa, amani ikashinda. Ili kuupima uthabiti wa hitimisho hilo, hatuna haja ya kwenda mbali. Inatosha kuvuka Mto Ruvuma.

Tarehe 16 Juni 1960, wakati TANU ikijiandaa kwa uchaguzi wake mkubwa, Wamakonde wa Msumbiji walikusanyika Mueda mbele ya wakuu wa Kireno. Hawakuwa na silaha za vita. Baadhi ya viongozi wao walikuwa wameishi na kufanya kazi Tanganyika, ambako waliona jinsi watu walivyokusanyika, walivyodai na walivyosikilizwa. Walikuja kudai kwa namna ile ile. Askari waliwafyatulia risasi.

Watu walikuwa wa jamii moja, wakitenganishwa na mto tu. Njia ilikuwa moja. Mwaka ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa kwamba Ureno ilizihesabu nchi hizo kuwa mikoa yake, haikukubali udhamini wa mtu yeyote, na hata ndani ya Ureno kwenyewe haikuwa na bunge huru wala magazeti huru ambayo yangeweza kuisemea Mueda. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 1964 ikaanza vita vya ukombozi. Tanganyika, baadaye Tanzania, iliyopata uhuru kwa amani, ndiyo iliyokuwa kituo chake. Wengine wameona hapa kigeugeu. Sisi tunaona uthabiti. Tamko la Lusaka la Aprili 1969 liliueleza msimamo huo waziwazi: mazungumzo ni bora kuliko mauaji, lakini pale ambapo njia ya amani imezibwa na wenye mamlaka, wanaodhulumiwa hawawezi kuambiwa wakae kimya.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Lakini hapa pia mizani iwe kamili. Vita vya ukombozi vilifuatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1977 na kumalizwa kwa mkataba wa Roma Oktoba 1992. Si haki kuitwika FRELIMO peke yake lawama ya vita hivyo, kwani majirani wa kibaguzi, Rhodesia na baadaye Afrika Kusini, walivichochea na kuvigharimia. Hata hivyo ni kweli kwamba nchi inayozaliwa kwa bunduki huzaliwa na bunduki nyingi mikononi mwa watu, na kwamba mazoea ya kutoa amri vitani si rahisi kuyaacha siku ya amani. Uasi unaweza kumwondoa mdhalimu. Hauwezi peke yake kuwafundisha washindi jinsi ya kusikilizana.

7.0 Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, njia ya amani si njia ya wanyonge. Ni matumizi ya nguvu ya wingi wa watu, na huhitaji umoja uliojengwa kwa subira zaidi ya ule wa vita. Pili, njia hiyo hufanikiwa pale tu ambapo mtawala analazimika kusikiliza, iwe kwa sheria, kwa aibu, kwa hesabu ya hasara, au kwa hofu ya kitakachofuata. Tanganyika ya 1905 na Mueda ya 1960 zilikosa mlango huo. Tanganyika ya 1954 ilikuwa nao, ingawa umefunguliwa nusu tu. Tatu, pale uasi unapokuwa njia pekee iliyobaki, kuwa pekee hakuufanyi uwe rahisi. Njaa ya 1906 na 1907 haikuuliza nani alikunywa maji na nani hakunywa.

Ikiwa tutatakiwa kujibu swali la madarasani, basi jibu letu ni kwamba njia ya amani ni bora kila inapokuwapo, kwa sababu kosa lake linaweza kusahihishwa kesho, ilhali aliyekufa harudi. Wameru walishindwa 1952, na waliendelea kuwapo wakaona uhuru. Wengi wa walioshindwa Mahenge hawakuona hata msimu wa mavuno uliofuata. Lakini jibu hili linamhusu mtawala zaidi ya mtawaliwa. Anayewataka watu watumie njia ya amani ana wajibu wa kuilinda njia yenyewe: mahakama inayoweza kumhukumu mkubwa, uchaguzi unaoweza kumwondoa, gazeti linaloweza kumkosoa, na uwanja ambao watu wanaweza kuandamana kisha wakarudi nyumbani salama. Asiyelinda mambo hayo, kisha akahubiri amani, anahubiri utii tu.

Tarehe 1 Novemba 2023, huko Songea, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi kwa yale waliyotendewa mababu zetu katika Vita vya Maji Maji. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja na kumi na tano kwa dai la wale waliong'oa miche ya pamba Nandete kukubaliwa kuwa lilikuwa la haki. Mwalimu anayewauliza wanafunzi wake iwapo Kinjeketile alishindwa na awaongezee swali la pili, ambalo ndilo gumu zaidi: kama mtu mmoja mwenye mamlaka angewasikiliza wakulima wale mwaka 1905, ni wangapi wangekuwa hai kuvuna?